Mlango wa Kumi na Nne

Orodha ya Fikirini ilikuwa na milango mia nne na kumi na miwili, na siku alipofika chuoni yote ilikuwa imefungwa isipokuwa mmoja. Huo mmoja ulikuwa namba kumi na nne, mlango wa nyuma wa maabara ya udongo, unaotazama bwawa. Mtu alikuwa ameuwekea jiwe kizingitini usijifunge. Fikirini akainama, akalinyanyua ili alitupe nje, akashtuka kidogo, kwa sababu lilikuwa limelowa chapachapa. Ulikuwa mwezi wa tisa. Mvua haikuwa imenyesha Kibiti kwa miezi mitatu.

Akajifuta mikono kwenye suruali, akaandika kwenye daftari lake: "Namba 14, walinzi wazembe," akaendelea na kazi.

Fikirini alikuwa mtu wa mpangilio, na mtu wa namna hiyo akiona jiwe mlangoni roho inamuuma. Kampuni yake ya Dar es Salaam ilikuwa imepewa kazi ya kubadilisha milango ya chuo kizima, chuo kikuu kilichojengwa kilimani, njia ya Mtawanya. Kadi za zamani zilikuwa zimechakaa. Sasa kila mtu angepata kadi mpya ya kugusisha, na kila mlango ungefungwa kidude cheusi cha kuisoma. Kadi ikikubaliwa, kidude kinawaka kijani na kulia mara moja, tiii. Ikikataliwa, kinawaka chekundu na kulia mara mbili kwa ukali, ti-ti. Kompyuta iliyoko chumba cha mitambo inaandika kila kitu: nani, mlango upi, saa ngapi. Tena mfumo huo ulikuwa na ujanja mmoja ambao Fikirini hakuchoka kuueleza. Mtu akishatoka getini, kwa kompyuta hayumo tena, na hakuna mlango utakaomfungukia mpaka aingie kwanza. Hapo wanafunzi wangekoma kuazimana kadi.

Walitakiwa kuja mafundi wawili. Mwenzake akapelekwa kwingine, na Fikirini akaja peke yake wakati wanafunzi wako likizo ndefu. Akapewa chumba kwenye bweni lenye vyumba mia tatu, vyote vitupu. Alipika ugali wa mtu mmoja, akaosha sahani moja, na zilikuwapo siku ambazo tangu alfajiri mpaka jioni hakusikia sauti ya binadamu ila yake mwenyewe akihesabu milango. Upweke ulimkaba. Ilifika mahali akawa anavisalimia vidude asubuhi, na hakuona aibu, maana hapakuwa na wa kumcheka.

Kilichomshikilia ni simu ya jioni. Mkewe, Muzdalifa, alikuwa Mloka kwa mama yake akiwa na mimba ya miezi minane. Mtandao kule unashika kizingitini pa mlango tu, kwa hiyo kila jioni alikaa hapo na tumbo lake, simu sikioni, mgongo kwenye mwimo.

"Utawahi?" alimuuliza, kila siku swali hilohilo.

"Nitawahi. Bado wiki tatu, na kazi inaisha baada ya mbili."

"Hata safari ile ulisema hivyo, mume wangu."

Safari ile mtoto wao wa kwanza aliishi saa moja tu, na Fikirini alikuwa Morogoro akifunga kamera kwenye ghala. Mtoto alizikwa bila kuisikia adhana ya baba yake sikioni. Muzdalifa hakuwahi kumlaumu kwa sauti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Kwa hiyo safari hii aliapa. Sauti ya kwanza kumwambia mtoto huyu jambo lolote la maana ingekuwa yake, na jambo lenyewe lingekuwa adhana.

Zamu ya mlango wa kumi na nne ilipofika, jiwe lilikuwa limerudi palepale. Fikirini akalitupa mbali zaidi, akaanza kutoboa ukuta. Nyuma yake akasikia ufagio umekoma.

"Fundi, huo hapana."

Alikuwa Bi Mwanamina, mama wa usafi, mwanamke wa Kindengereko mwenye kanga kiunoni na ulimi usiolala.

"Shikamoo, mama. Huo upi?"

"Marahaba. Huo huo unaoutoboa. Huo haufungwi. Ukiufunga, mwenyewe atapita wapi?"

"Mwenyewe nani?"

Bi Mwanamina akapunguza sauti. "Mwenye njia. Hapa kabla ya chuo palikuwa na njia yake, toka msituni mpaka bwawani. Mchana wa jua la utosi hushuka, magharibi hupanda. Wakati wa ujenzi, ukuta huu ulianguka mara tatu. Wazee wa Mtawanya wakaja wakasema naye, wakakubaliana: ninyi jengeni, lakini hapa muache wazi. Miye ndiye niwekaye jiwe. Nalitia maji ya bwawani, ajue bado twamkumbuka."

Fikirini akacheka, si kwa dharau, ila kama mtu aliyefurahi kupata wa kuongea naye. "Mama, mimi nina ramani. Kwenye ramani huu ni mlango."

"Haya. Likitokea la kutokea, iulize hiyo ramani."

Kwa kuwa hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kupita nyuma ya maabara, Fikirini aliufunga mlango ule kabisa. Akauwekea kufuli ya sumaku, akauondoa kwenye orodha zote, usifunguke kwa kadi ya mkuu wa chuo wala ya kwake mwenyewe. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro, na kwa desturi yake mwenye njia angekuwa ameshashuka bwawani na bado hajarudi. Lakini Bi Mwanamina, alipoona taa nyekundu imewaka, alitupa ufagio.

"Umemfungia ndani, baba. Leo hajashuka, nimemsikia huko ndani tangu adhuhuri. Umemfungia na sisi." Kesho yake hakuja. Akatuma ujumbe kwamba amekwenda Utete kwa dada yake mpaka fundi amalize alichokianza.

Akabaki Fikirini, na Maneno, mlinzi wa getini, ambaye hakupenda kuondoka kibandani kwake.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Fikirini alikuwa darini kwenye jengo la utawala aliposikia kutoka mbali, upande wa maktaba: ti-ti. Akatulia. Baada ya muda kidogo, mlango wa jirani: ti-ti. Kisha mwingine. Kuna mtu alikuwa anajaribu milango, mmoja baada ya mwingine, bila haraka na bila kuruka hata mmoja. Akashuka mbio na kwenda maktaba. Hakukuta mtu. Alichokuta ni unyayo wa maji mbele ya kila mlango, unyayo mmoja tu, wa mguu wa kulia, na harufu ya tope bichi la mtoni iliyochanganyika na ubani.

Kompyutani jina lilikuwa tupu, na penye namba ya kadi palikuwa na sifuri kumi. Milango ilipangana: mia mbili na tatu, mia mbili na nne, mia mbili na tano.

"Ni hitilafu," akasema kwa sauti, ili pawe na mtu aliyesema.

Ikawa kila siku adhuhuri na kila siku magharibi. Ti-ti za maabara, ti-ti za kumbi za mihadhara, ti-ti za zahanati ya chuo. Jambo moja lilimfanya asikimbie, nalo ni la aibu kidogo kulisema. Alianza kulizoea. Katika mahali pale pasipo na mtu, angalau palikuwa na mwingine anayezunguka, ambaye naye hafunguliwi. Jioni moja, akisonga ugali, alijikuta akisema, "Na wewe umechoka, eh?" Nje ya bweni, ghorofa ya chini, kidude kikalia ti-ti, kisha pakawa kimya kwa muda mrefu kuliko kawaida, kimya cha mtu aliyesikia akiitwa na sasa anasikiliza sauti inatoka chumba gani. Fikirini akazima jiko na kukaa sakafuni hadi miguu ikafa ganzi.

Kesho yake akampigia bosi wake, Hashimu.

"Ripoti yako ina makosa elfu mbili," bosi akasema. "Chuo hawapokei mradi wenye ripoti chafu. Safisha, ndipo uondoke."

"Bosi, mke wangu..."

"Najua, Fikirini. Safisha leo, uondoke leo."

Hapo ndipo lilipofanyika kosa lenyewe, na fundi yeyote aliyekuwa amechoka angelifanya. Kadi isiyojulikana inaandikwa kuwa kosa. Kadi inayojulikana si kosa. Kwa hiyo dawa ya haraka ilikuwa kuisajili ile kadi ya sifuri kumi. Kompyuta ikataka jina la mwenye kadi, na haikukubali nafasi tupu. Fikirini hakutaka kumwandika mtu mwingine asije akamponza. Akaandika jina lake. Akaipa ruhusa zake zote. Akabonyeza kitufe.

Ripoti ikawa safi. Akaituma Dar es Salaam, akaacha begi na chaja chumbani, akaenda kwenye msikiti wa chuo, ambao haukuwa na kidude wala kufuli. Akaswali adhuhuri. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili chuo kizima kilikuwa kimya, na kimya hicho kikamlaza palepale juu ya mkeka. Aliamka alasiri imeshaingia, akaswali upesi, akarudi bwenini kuchukua begi lake.

Akagusisha kadi. Ti-ti.

Akaifuta kwenye shati, akagusisha tena. Ti-ti. Akaenda chumba cha mitambo: ti-ti. Utawala: ti-ti. Maktaba: ti-ti. Alipofika getini alikuwa anakimbia.

"Maneno! Maneno, nifungulie, mfumo umenigomea!"

Mlinzi akatoka kibandani, akamwona, na uso wake ukabadilika. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Wewe umetoka," akasema taratibu.

"Nimetoka wapi? Nilikuwa msikitini."

"Fundi Fikirini ametoka saa saba mchana. Nimemwona kwa macho yangu. Geti limemfungukia, taa ya kijani, nimemuaga, akanitabasamia. Amekwenda njia ya Mloka kwa miguu." Akanyoosha mkono kwenye mnyororo wa geti. "Sasa wewe ni nani?"

"Maneno, ndugu yangu, ni mimi! Jana tumekunywa chai!"

"Nimeambiwa mtakavyokuja. Nimeambiwa mtakuja kwa sura tunazozijua." Maneno akapita mlango wa nje wa kibanda chake, akaufunga nyuma yake, akazungusha mnyororo kwenye geti, akatia kufuli ya mkono, na akakimbia kuteremka kilima huku akisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti kubwa. Fikirini alisikia sauti ile ikipungua, ikipungua, mpaka ikaisha.

Ukuta ulikuwa na urefu wa watu wawili, na juu yake waya wa miba. Akaelewa yote kwa mpigo. Kwa kompyuta yeye hayumo. Kwa Maneno yeye siye. Alikuwa amekipa kitu kile jina lake, nacho kikatumia jina hilo kutoka, na kikifuata jina kitakwenda kwa wenye jina. Simu yake ilikuwa na chaji asilimia sita.

Iliita muda mrefu. Aliyepokea alikuwa mama mkwe.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Fikirini, mama."

"Fikirini yupi?"

"Mkweo. Fikirini wa Muzdalifa."

Yule mama akanong'ona. "Fikirini yumo ndani, mwanangu. Amefika saa saba na nusu. Tumekutafuta asubuhi kwa simu hukupatikana. Uchungu ulimshika mwenzio alfajiri, kajifungua saa nne, mtoto wa kike, wote wazima. Kisha ukaja. Amekuja. Tukasema alhamdulillah."

Toka kilimani pale mpaka Mloka kwa gari ni saa nne.

"Mama, amemwadhinia?"

"Hajamwadhinia. Nimemwambia mara tatu. Anatabasamu tu." Sauti ikashuka zaidi. "Nilidhani ni uchovu wa safari. Lakini miguu yake, Fikirini. Tangu aingie sakafu haikauki. Na kila mlango anausimamia kwanza, anausikiliza, mpaka nimfungulie. Baba mkweo na wanaume wote wako madunguni, wanalinda mahindi yasiliwe na tembo. Tuko wanawake watupu. Namwogopa."

"Nisikilize, mama. Ingia, sema unampeleka mtoto kumwosha. Usimkimbie, usimtazame. Mlete hapo kizingitini, umwekee simu sikio la kulia."

Simu ikawekwa chini. Fikirini alibaki ameshikilia chuma cha geti, jua linazama nyuma ya maabara, akisikiliza nyumba ambayo alipaswa kuwamo, akasikia kata inagonga ndoo, akasikia Muzdalifa akisema kwa sauti ya uchovu na furaha, "Mume wangu, mpe mama mtoto," akamsikia mke wake akimwita mwingine mume wangu, na baada ya hapo ukimya, na ndani ya ukimya ule hatua, mguu mmoja unaolia maji sakafuni, chwap, ukamfuata mama mkwe hadi mlangoni, chwap, ukasimama, na kisha karibu kabisa na simu, karibu kuliko alivyoweza kuvumilia, pumzi ndogo ya haraka ya mtoto mchanga.

"Haya, mwanangu," mama mkwe akanong'ona.

Asilimia mbili.

"Allahu akbar, Allahu akbar," Fikirini akaanza, akaipandisha sauti, akamwadhinia binti yake kupitia geti la chuma na nchi nzima ya giza linaloingia kati yao, na alipofika katikati akasikia kule ng'ambo kitu kikianguka, Muzdalifa akipiga ukelele, mlango ukibamizwa kwa nguvu, na hapo simu ikazima.

Hakuacha. Kama angeacha angejiona ameacha kwa mara ya pili. Alimaliza adhana yote kwa sauti mbele ya kioo cheusi cha simu, akiwa hajui kama kuna anayemsikia, na alipomaliza akalia waziwazi, maana hapakuwa na wa kumficha.

Hakukaa sana. Taa ya kidude cha getini ikawaka kijani. Tiii. Mlango mdogo wa geti ukafunguka wenyewe, mnyororo ukacheza, na harufu ya tope na ubani ikampitia usoni. Hakuona kitu. Aliona tu unyayo ukichora njia kwenye vumbi, mguu mmoja, ukienda moja kwa moja upande wa maabara ya udongo, na milango ikilia mbele yake, tiii, tiii, tiii, mpaka mlio wa mwisho, kule nyuma, ukawa ti-ti. Kisha ukarudia, ti-ti. Haukuwa mlio wa hasira. Ulikuwa mlio wa mtu aliyechoka anayetaka kwenda kwake.

Sasa kompyuta ilikuwa inajua kwamba Fikirini ameingia. Kadi yake ilifanya kazi. Alichukua bisibisi chumbani, akaenda mpaka mlango wa kumi na nne, na huku kitu kile kimesimama nyuma yake kikisubiri, akafungua kufuli ya sumaku skrubu moja baada ya nyingine. Akausukuma mlango. Akalitafuta jiwe majanini, akateka maji bwawani kwa mikono yake, akalimwagia, akaliweka kizingitini.

"Pita," akasema. "Nisamehe."

Upepo wa baridi ukampita begani, matete ya bwawani yakalala upande mmoja, kisha yakasimama. Fikirini akarudi chumba cha mitambo, akafuta sifuri kumi, na kwenye orodha ya milango akaandika mia nne na kumi na mmoja. Akatokea mlango mdogo wa geti, na alfajiri alikuwa Mloka.

Alimkuta mkewe ameshika mtoto kifuani, hataki kumwachia mtu. Muzdalifa alimtazama mumewe miguuni kwanza. Ilikuwa mikavu, ina vumbi. Ndipo akamwachia.

Mama mkwe alimweleza uani, mbali na Muzdalifa. Adhana ilisikika vizuri, sikio la kulia, mpaka simu ilipokatika, na kile kilichokuwa ndani kilikuwa kimeshatoka. "Ila nikwambie kweli, mwanangu. Kabla hujapiga, alimwinamia mtoto akamnong'oneza. Sikio la kushoto. Maneno sikuyasikia."

Fikirini akamsomea binti yake ikama kwenye sikio lile la kushoto palepale, kwa sauti nzito, mara moja na mara ya pili. Wakamwita Zaitun. Alikua vizuri, mnene, mcheshi, hana homa wala ndoto mbaya, na Fikirini aliacha kazi za mbali. Alifungua duka la vifaa vya umeme Kibiti, chumba cha mbele cha nyumba yao, ili kila jioni awe nyumbani.

Zaitun alipofika miezi kumi alianza kusimama kwa kushika ukuta. Hajui bado kusema baba wala mama. Akikuta mlango umefungwa huweka kiganja chake kwenye mwimo, anatulia, anasema, "Ti-ti." Muzdalifa hucheka mpaka machozi yamtoke, anasema mtoto wa fundi huyu. Fikirini huacha chochote anachofanya na kwenda kufungua, upesi, hata kama ana mteja.

Na mlango ukifunguka, Zaitun haingii mara moja. Kwanza husogea pembeni kidogo, anampisha mtu, kama tunavyofundisha watoto wetu kuwapisha wakubwa. Ndipo naye anaingia.